Kabla ya Filimbi

Jumapili ile, misa ilipokwisha, Colman Scanlon alibaki ndani ya gari nje ya ukumbi wa klabu akijitafutia ugonjwa. Mafua yasingetosha, maana nusu ya kijiji cha Drumkilleen ilikuwa na mafua. Mgongo ungefaa zaidi, ila padri alikuwa amemwona asubuhi ile ile akibeba benchi peke yake. Kando yake baba yake, mzee Bartley, alikuwa ameshafungua mkanda wa gari. Alivaa tai ya rangi za kaunti, na kofia alikuwa ameipakata.

"Unangoja nini?" mzee aliuliza. "Chai inapoa."

"Baba, nadhani yule ng'ombe mwekundu anakaribia kuzaa."

"Yule atazaa Februari. Shuka."

Colman akashuka. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mwenye ng'ombe sabini na nyumba isiyovuja, alikwenda mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Kila Novemba watu wa Drumkilleen hukutana kuufunga msimu wa timu ya kaunti. Si kikao cha kuchagua viongozi. Hicho kina siku yake na ugomvi wake. Hiki ni cha kusema ulichokiona. Kila aliyesafiri na timu husimama akataja jambo moja aliloliona kwa macho yake, na Noreen Duggan, katibu wa klabu, huliandika katika kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Cha redioni hakiandikwi, cha kwenye simu hakiandikwi. Mwenye macho haambiwi tazama, na asiyekuwepo uwanjani hunywa chai yake akanyamaza.

Kwa miaka hamsini na mmoja, maneno ya kwanza ya kila msimu katika kitabu kile yalikuwa ya Bartley Scanlon, kwa sababu moja: hakuwahi kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Inyeshe mvua, timu ipigwe kipigo cha mbwa koko, yeye alikuwepo. Mkewe aliposhikwa na uchungu wa Colman, Bartley alifika hospitali baada ya filimbi, ana matope mpaka magotini, na hakusamehewa mpaka mtoto alipoota meno.

Hakuwahi, mpaka Juni ya mwaka huu. Na aliyemtoa ni Colman.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa nne daktari alimwambia mzee kwamba macho yake yanakufa, yote mawili, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikifika Krismasi ataona kingo za vitu tu. Bartley hakulia wala hakulaani. Siku ya mechi ya Juni, wakiwa njiani, alisema, "Huu ndio msimu wangu wa mwisho wa kuona," kwa sauti ile ile ambayo angesema mkate umekwisha. Colman akawasha redio.

Timu yetu ilicheza na majirani wa ng'ambo ya mto, watu ambao hatukuwa tumewafunga kwa miaka ishirini na tisa, na ambao hawakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili tulikuwa nyuma kwa pointi saba. Katika mpira wetu, unaopita juu ya mtambaapanya ni pointi moja, unaoingia wavuni ni tatu, kwa hiyo saba si mlima. Lakini siku ile hakuna aliyeonekana kuwa na miguu. Cathal Feeney, mshambuliaji wa miaka ishirini, kijana wa Drumkilleen hii hii, alikuwa amepiga mara nne na kukosa mara nne. Ya tano ikaenda kumgonga mwokota mipira.

Colman aliruka kutoka kitini. "Mtoeni huyo!" alifoka. "Mtoeni, ana miguu ya mbao! Nani alimfundisha huyu kupiga mpira?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyemfundisha Cathal kupiga mpira alikuwa amekaa ubavuni mwa Colman. Tangu mtoto ana miaka sita, Bartley alikuwa akimsimamisha nyuma ya banda la ng'ombe na kumpigisha ukuta, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka giza linaingia na maziwa yanachelewa.

Na safu mbili mbele yao alikuwa amekaa Majella Feeney, mama yake Cathal. Aligeuka. Angetukana, ingekuwa nafuu. Katika jukwaa letu watu hutukanana na kugawana chokoleti. Majella alimtazama Colman kwa muda wa pumzi mbili hivi, kisha akageuza uso uwanjani na kukunja mikono kifuani.

Uso ulimwaka Colman mpaka masikioni. Asingeweza kukaa nyuma ya kichwa kile kwa dakika kumi na mbili. Akamshika baba yake kiwiko.

"Twende, baba. Tuwahi foleni."

"Filimbi bado."

"Baba, mechi imekwisha hii. Hata kipofu anaona."

Alitamani kuyarudisha maneno hata kabla hayajamalizika. Bartley akavaa kofia, akainuka, akamtangulia mwanawe kwenye ngazi bila kushikwa mkono.

Walikuwa wamefika kwenye kituo cha mafuta nje ya mji redio iliposema sasa tuko nyuma kwa pointi nne tu. Halafu tatu. Halafu mbili. Bartley akaweka kiganja juu ya dashibodi.

"Geuza gari, Colman."

"Hawatatufungulia geti, baba."

"Geuza."

Hakugeuza. Geti lingefunguliwa, pale mlangoni alikuwapo mzee mmoja anayemjua Bartley tangu ujana wao. Colman hakugeuza kwa sababu ya Majella, kwa sababu ya kurudi akapita mbele ya macho yale. Wakiwa bado wamekaa hapo, gari linanguruma na mtu wa nyuma yao anapiga honi, mtangazaji alipiga ukelele: Cathal Feeney, wavuni, dakika ya mwisho. Tulishinda kwa pointi moja. Miaka ishirini na tisa ikaisha hivyo, kando ya pampu ya dizeli. Bartley alinyoosha mkono akazima redio. Walipofika nyumbani alisema tu, "Wape ng'ombe maji."

Wiki tatu baadaye timu ilikwenda Dublin ikafungwa pointi kumi na nane. Siku hiyo Colman alimkalisha baba yake mpaka mwisho, na baada ya mwisho, mpaka wafagiaji wakaanza kuizunguka miguu yao kwa mifagio. Alitaka mzee aseme "twende" ili amkatalie. Mzee hakusema. Hivyo basi, msimu wa mwisho wa macho ya Bartley Scanlon ulikuwa na aibu kamili, kuanzia mwanzo hadi filimbi, na furaha moja aliyoisikia akiwa kwenye gari. Colman aliibeba hiyo tangu Juni kama jiwe ndani ya buti. Aliikuta kwenye kukamua, aliikuta kwenye ibada.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na joto la watu na harufu ya makoti yaliyolowa. Meza ilijaa sandwichi za nyama ya nguruwe na keki ya zabibu kavu. Packie Tighe, anayechezesha mechi za watoto na ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, alikuwa ameshaanza.

"Karibuni, karibuni, mashujaa wa kumi na nane! Noreen, hesabu sandwichi zisizidi kumi na nane, watu wasije wakaumia tena."

"Wewe Packie ulilala dakika ya arobaini," Noreen akamjibu. "Nilikuona kwa macho yangu. Nitaandika."

Watu wakacheka, kicheko cha watu walioona haya kwa pamoja. Kufungwa kumi na nane ni aibu ya wote, na aibu ya wote ina joto lake. Colman aliionea wivu. Ya kwake ilikuwa ya peke yake.

Majella alikuwa anamimina chai. "Maziwa, Colman?"

"Kidogo."

Akamtilia kidogo. Tangu Juni hawakuwa wamesemezana zaidi ya hapo. Pembeni, karibu na hita, Cathal alisimama na kikombe kilichozama katika kiganja chake, mrefu, mwenye haya, akijibu "ndiyo" na "asante" kwa kila aliyempiga bega.

Noreen akafungua kitabu, akagonga kijiko kwenye kikombe. "Tuanze na anayeanza. Mzee Bartley, karibu."

Bartley alisimama taratibu, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Siku hizi akizungumza na mtu aliutazama ukuta kando ya mtu huyo, maana ni pembeni tu ndiko kulikobaki mwanga. Colman alimtazama. Alijua baba yake atataja kitu cha Dublin. Mbayuwayu waliojenga chini ya paa la jukwaa, labda, au golikipa wetu akicheka kwa uchungu.

"Mwaka huu," mzee alisema, "nilimwona Cathal akipokea mpira, goli liko mgongoni kwake. Nilimwona akigeuka kwa mguu wa kushoto, ule wa kushoto ambao tuliutafutia dawa nyuma ya banda kwa miaka saba. Na nikaona wavu ukivimba."

Ukumbi ulilipuka makofi. Packie alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. Cathal alitazama sakafu, lakini alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtoto aliyesomewa jina lake mbele ya shule. Noreen aliinamia kitabu, kalamu ikakimbia.

Baba yake alikuwa amesema uongo. Mtu ambaye aliwahi kurudi dukani kilomita tano kwa sababu ya kiberiti alichozidishiwa, alikuwa amesimama akatia uongo katika kitabu cha miaka hamsini na mmoja. Na amefanya hivyo, Colman aliwaza, ili kunifunika mimi. Aibu yake ya Juni, aliyodhani imeshafika chini kabisa, ikapata ghorofa nyingine.

"Haya, na wewe Colman," Packie alisema. "Ulikuwa ubavuni mwake. Uliona nini? Au macho yalijaa machozi?"

Colman akasimama. "Sikuona kitu," alisema. "Wala yeye."

Makofi ya mwisho yakakatika.

"Colman," Majella alisema kwa sauti ya chini, birika mkononi. "Keti."

"Hapana, Majella, wacha niseme. Hatukuwepo. Tuliondoka zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Mzee hakutaka, mimi nilimtoa. Nilimtukana Cathal mbele ya mama yake, nikaona haya kubaki, nikasingizia foleni. Goli tulilisikia redioni, kwenye kituo cha mafuta. Baba aliniambia nigeuze gari, sikugeuza. Sasa anasema uongo kwa ajili yangu, na siwezi kukaa hapa nikanywa chai juu yake."

Kwa muda wa pumzi moja alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetema mfupa. Kisha akamwona Cathal.

Kijana hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama mama yake, na tabasamu lilikuwa limeshaondoka.

"Uliniambia alipanda juu ya kiti," Cathal alisema. "Uliniambia alirusha kofia."

Majella akaliweka birika mezani. "Nilikuambia hivyo."

"Nilikimbia mpaka pale. Nilimnyooshea kidole."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa pale." Akawageukia watu, maana sasa hapakuwa na la kuficha. "Alipofunga, alikimbilia upande wetu akanyoosha mkono kwenye viti vyao. Viti vilikuwa vitupu, lakini jua lilikuwa machoni pake. Mlangoni kwa wachezaji jambo la kwanza aliloniuliza ni hili: Bartley ameona? Ningemwambiaje? Nikamwambia ameona. Kesho yake nikaenda kwa mzee, nikamweleza nilichosema, nikamwomba asiniangushe."

Hakuna aliyegusa sandwichi. Colman alimgeukia baba yake, na mzee akageuza uso ukutani ili amwone.

"Ulidhani nakufunika wewe?" Bartley aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilimchoma Colman zaidi. "Wewe ni mtu mzima, Colman, jifunike mwenyewe. Ule uongo ulikuwa wa kijana."

Tangu Juni Colman alikuwa ameona haya kwa kumnyima baba yake goli. Sasa alikuwa amemnyima mfungaji yule mzee aliyemfungia goli lile, mbele ya watu, ili yeye mwenyewe apate kupumua. Alitamani sakafu ya klabu, ambayo yeye ndiye aliyeipigilia misumari mwaka juzi, ipasuke.

Noreen aliinua kalamu. "Mzee... nifanyeje?"

"Futa."

"Miaka hamsini na mmoja, Bartley."

"Futa, binti yangu. Sikuona."

Kalamu ikapita juu ya mistari, na katika ukimya ule kila mtu aliisikia. Cathal akaweka kikombe chini, akafungua mlango wa nyuma, akatoka. Majella alipiga hatua kumfuata kisha akasimama. Hata Packie hakupata neno, jambo ambalo nalo lingestahili kuandikwa.

Mlango ukafunguka tena. Cathal alikuwa na mpira kwapani, na upepo wa uwanjani ukaingia pamoja naye.

"Mzee," alisema, "vaa kofia."

Uwanja wa klabu uko nyuma ya ukumbi, na watu wote wakatoka, vikombe mikononi, wakaukanyaga kwa viatu vya kanisani. Cathal alimshika Bartley mkono akampeleka mpaka kwenye mlingoti wa goli, hatua mbili tu pembeni, akamgeuza mabega taratibu.

"Hapa unaona?"

"Nikitazama ule ua wa uwanja, naliona goli."

"Basi tazama ua." Cathal akawageukia wengine. "Colman, ingia golini."

"Mimi?"

"Unamwona Colman mwingine?"

Akaingia, na suti yake ya misa. Ardhi ya Novemba ilikuwa uji. Kiatu cha kushoto kilizama kabla hajafika kwenye mstari. Watu wakajipanga nyuma yake, na Colman hakuthubutu kugeuka kuona nani yuko wapi.

Cathal aliupokea mpira, goli likiwa mgongoni, akageuka kwa mguu wa kushoto. Mpira ukapita juu kabisa, ukaenda kwa ng'ombe wa jirani.

"Pointi!" Packie alipiga kelele, sauti yake imerudi. "Lakini mzee hakuja kuona pointi!"

Uliporudishwa, akapiga tena. Safari hii, kwa bahati mbaya zaidi ya zote alizowahi kupata, Colman aliudaka. Ulimjia kifuani, mikono ikaukumbatia yenyewe. Hajawahi kudaka mpira maishani mwake.

"Hata leo, Colman!" mwanamke mmoja alimzomea. "Hata leo unamnyima!"

Wakacheka wote, na yeye akasimama pale na mpira kifuani, matope yanamchuruzika kwenye tai, asijue auweke wapi. Majella alikuja akauchukua mikononi mwake. Alimtazama kwa muda ule ule wa pumzi mbili.

"Miguu ya mbao, eh?" alisema, akamrushia mwanawe.

Ya tatu Colman hakuiona ikija. Aliona tu bega la Cathal likishuka, akajirusha upande asioujua, na alipofumbua macho alikuwa kifudifudi ndani ya dimbwi, na nyuma yake wavu ulikuwa bado unacheza.

Akainua kichwa. Baba yake alisimama karibu na mlingoti, uso umeelekea kwenye ua, mahali pasipo na kitu. Mikono yake ilikuwa imeshika kofia.

"Nimeona," Bartley alisema.

Hakuna aliyemuuliza ameona nini, wala kiasi gani. Colman, aliyekuwa karibu kuliko wote, hakuweza kujua kama ni kweli au ni uongo wa pili, na alielewa kwamba haki ya kuuliza hana. Noreen aliandika akiwa amesimama, kitabu juu ya mgongo wa mtu.

Baridi ilianza kuuma. Colman akajiinua, suruali imemgandama, watu wote wanamtazama, na hamu yake ikawa moja tu: gari, mlango, nyumbani.

"Twende basi, baba," alisema. "Utapata mafua."

Bartley aligeuza uso kando, akamtafuta, akampata.

"Twende wapi?" alisema. "Filimbi bado."

Packie Tighe alikuwa ameshaitoa filimbi yake, iko mdomoni tayari. Akamtazama mzee, akamtazama Colman ndani ya matope. Akaitoa mdomoni taratibu, akaifuta kwa leso, akairudisha mfukoni. Na Cathal akarudi nyuma hatua kumi kuufuata mpira.